Staruta ya msumeno wa mashine inapokwama

Msumeno unaowaka kisha kuzimika ukipata moto, na buji (plagi) yake kutoka nyeusi imelowa esansi (petroli), mara nyingi kidirisha cha staruta (choki, kinachoziba hewa ya kabureta ili injini iwake ikiwa baridi) hakifunguki. Usipowaka kabisa asubuhi ya baridi, huenda hakifungi.

Zima, funga breki ya mnyororo, chomoa kofia ya buji. Toa filta ya hewa na uchungulie mdomo wa kabureta huku ukisukuma kishikio cha staruta: kidirisha kifunge chote, kisha kifunguke chote. Hapa Goma vumbi la mawe ya volkano likichanganyika na oili huganda kwenye mhimili wake. Safisha kwa esansi na mswaki, usikwangue kwa bisibisi. Kishikio kikisogea na kidirisha kikabaki palepale, fimbo ya kuunganisha imechomoka au imevunjika. Irudishe au ibadilishe. Waya wa kufungia ni dawa ya siku moja.

Kama esansi imejaa ndani, toa buji, fungua staruta, geuza tundu la buji mbali na uso, vuta kamba mara sita. Kausha buji, mwanya wake 0.5 mm.

Kumbuka pia mji uko karibu mita 1,500 juu ya bahari: hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopangwa chini pwani itamwaga esansi nyingi hata staruta ikiwa nzima.