Siku Tatu Harlow kwa Wawili: Kuutembea Mji wa Sanamu

Wawili wanaotafuta mapumziko mafupi Uingereza wengi hukimbilia Bath au York. Harlow, mji wa Essex ulio kaskazini mwa London, haupo vichwani mwao, na hilo ni hasara yao. Mji huu ulitangazwa mwaka 1947 chini ya Sheria ya Miji Mipya ya 1946, ili kuwapunguzia watu wa London msongamano na uhaba wa nyumba baada ya vita. Mpangaji wake, Frederick Gibberd, alitaka sanaa bora ikae pale wanapoishi watu wa kawaida. Tangu 1953, taasisi ya Harlow Art Trust hununua sanamu na kuzisimamisha nje, na leo zinakaribia 100.

Hapo ndipo wageni wengi wanapokosea. Hushuka, huzunguka katikati ya mji kwa saa moja, huona maduka na zege, kisha hurudi kituoni wakidhani wameshaiona Harlow. Sanamu nyingi nzuri zimo mitaani, kati ya nyumba. Bila kutembea mitaa hiyo hujaufikia mji wenyewe.

Njooni Ijumaa, mwondoke Jumapili. Sanamu kuu ya mji, Harlow Family Group ya Henry Moore, imewekwa ndani ya Civic Centre, jengo la halmashauri, na ofisi hufuata saa za kazi. Ukifika Jumapili unaweza kuishia kuchungulia kioo. Bustani ya Gibberd, kwa upande wake, hufunguliwa msimu wa joto tu, tena kwa siku chache za wiki. Angalieni ratiba za sehemu hizo mbili kwanza, ndipo mlipie hoteli.

Treni hutoka London Liverpool Street hadi Harlow Town kwa muda usiofika saa moja. Kama mko upande wa reli ya chini ya ardhi ya Victoria, pandieni Tottenham Hale mpunguze safari. Wanaotua uwanja wa ndege wa Stansted wako karibu zaidi, ila si kila treni ya Stansted husimama Harlow, hivyo someni orodha ya vituo kabla ya kupanda. Kadi ya Two Together hupunguza theluthi ya nauli kwa watu wawili wanaosafiri pamoja. Haitumiki kabla ya saa 3:30 asubuhi siku za Jumatatu hadi Ijumaa, na majina ya kwenye kadi lazima yawe ya hao hao wawili wanaosafiri. Mwisho wa wiki njia hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo, abiria wakapakiwa mabasi. Hakikisheni siku mbili kabla, hasa treni ya kurudi Jumapili.

Kituo chenyewe, cha mwaka 1960, kimo katika orodha ya majengo yanayolindwa na sheria. Geukeni mkitazame kabla ya kupanda kuelekea mjini.

Alasiri ya Ijumaa ni ya Civic Centre na Water Gardens zilizo kando yake. Anzeni na Moore: baba, mama na mtoto, waliochongwa kwa jiwe katikati ya miaka ya 1950. Mwanzo familia hiyo ilisimama nje, karibu na kanisa la St Mary-at-Latton, ikaharibiwa na wahuni, na mwishowe ikaingizwa ndani. Izungukeni polepole, maana kwa mbele ni familia iliyotulia tu, lakini kwa nyuma ndipo unapoona jinsi miili inavyoegemeana. Jengo hilo hilo lina Gibberd Gallery, yenye mkusanyiko wa picha za rangi za maji za wasanii wa Uingereza. Nje, kwenye mabwawa, kuna Eve ya Rodin na nguruwe mwitu wa shaba wa Elisabeth Frink. Nguruwe wa kwanza alikuwa wa zege; hali ya hewa ilimla, akafuatiwa na huyu. Bustani hizi za maji nazo zilihamishwa na kujengwa upya mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupisha maduka, kwa hiyo picha za zamani hazitalingana na mnachokiona.

Jioni tazameni kama Playhouse, ukumbi wa maigizo uliofunguliwa 1971, una onyesho.

Jumamosi iachieni mtaa wa Mark Hall. Tengeni saa nne, viatu vya kutembea na chupa ya maji. Pakueni ramani ya sanamu kabla ya kutoka, kwa sababu katikati ya mji kuna ujenzi mwingi na sanamu huhamishwa. Ramani ya miaka mitano iliyopita itawapoteza. Tumieni njia za miguu na baiskeli, si barabara kubwa. Harlow ina mtandao wa njia za baiskeli zilizotengwa na magari, baadhi yake ni vijia vya mashamba ya zamani, na anayefuata barabara za magari huishia kuhesabu vipilefti.

Anzeni The Stow, kituo cha maduka ya mtaa. Angalieni majina ya baa za mji huu: Essex Skipper, Painted Lady, Purple Emperor. Yote ni majina ya vipepeo. Jirani ni kanisa Katoliki la Our Lady of Fatima, lililokamilika 1960. Chagueni saa yenye jua. Kuta zake ni vipande vya kioo kinene cha rangi vilivyoshikwa na zege, kazi ya mtawa Charles Norris wa Buckfast, na jua likipiga, sakafu nzima hubadilika rangi. Kama kuna misa, subirini iishe.

Kutoka hapo endeleeni hadi The Lawn, la mwaka 1951, jengo la kwanza refu la makazi Uingereza. Lina ghorofa 10 tu, na liliwekwa kwa namna ya kuinusuru miti ya mialoni iliyokuwapo. Kisha Glebelands, ambako Contrapuntal Forms ya Barbara Hepworth imesimama kwenye nyasi mbele ya nyumba. Hepworth aliichonga kwa ajili ya Festival of Britain, maonyesho ya kitaifa ya 1951, na mji ukapewa 1953. Ni maumbo mawili marefu ya jiwe la chokaa la bluu kutoka Ireland, yaliyosimama bega kwa bega kama watu wawili wanaonong'ona. Kaeni hapo kwa muda. Hakuna kamba wala mlinzi. Ila ni uwanja wa wakazi, hivyo msipige picha madirisha ya watu.

Malizieni jumba la makumbusho la Muskham Road, ambalo lina bustani tatu zilizozungushiwa ukuta.

Jumapili nendeni Marsh Lane, kwenye nyumba ambayo Gibberd aliinunua na kuitengenezea bustani hadi kifo chake 1984. Kuna sanamu kila kona, ngome ndogo yenye handaki la maji, na nguzo alizookoa kutoka jengo la benki ya Coutts, London. Njia zina tope mvua ikinyesha, na mabasi ya Jumapili ni machache, hivyo chukueni teksi. Mkitaka kuona alikoishi Moore, Perry Green ni mwendo mfupi wa gari kutoka Harlow, nako hufunguliwa kwa msimu na tiketi ni vyema mkate mapema. Kijijini hamtapata teksi ya kusimamisha njiani, kwa hiyo mpangieni dereva saa ya kuwafuata kabla hajawashusha.