Ofa ya kampuni shindani: hesabu za kupiga kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Ofa ikitoka kwa kampuni inayogombea wateja na mwajiri wako, jicho hukimbilia mshahara. Tarakimu iliyoandikwa kwenye barua ya ofa karibu kila mara ni ya kabla ya makato, na watu wengi huilinganisha na pesa wanayoipokea sasa benki. Hapo ndipo kosa la kwanza linapofanyika. Maelezo haya ni ya sekta binafsi Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira na mfuko wake wa hifadhi, ZSSF.

Uliza kwanza: huu mshahara ni wa kabla ya makato au wa mkononi? Kisha uliza mshahara wa msingi ni kiasi gani na posho ni kiasi gani. Usipige hesabu yoyote mpaka upate majibu hayo mawili, tena kwa maandishi.

Mshahara utakaoufikia mkono

Makato yana mpangilio wake. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hutoka kwanza, asilimia 10 kwa mfanyakazi wa kawaida. Kinachobaki ndicho kinachokatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi. Kutoka hapo hadi 520,000 unatozwa asilimia 8, hadi 760,000 asilimia 20, hadi milioni 1 asilimia 25, na kila shilingi ya juu ya hapo asilimia 30. Aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo hukatwa tena asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na makato hayo hayapunguzi kodi.

Chukua mtu anayelipwa 1,500,000, yote ikiwa mshahara wa msingi, na bado anadaiwa na Bodi. NSSF 150,000. Kodi inapigwa kwenye 1,350,000, nayo ni 233,000. Bodi 225,000. Mkononi zinafika 892,000. Mshindani anampa 1,800,000. NSSF 180,000, kodi 314,000, Bodi 270,000, mkononi 1,036,000. Nyongeza ya laki 3 imekuwa 144,000. Asiyedaiwa na Bodi angeondoka na 189,000. Ukishavuka milioni 1 ya kutozwa kodi, kanuni ya haraka ni hii: katika kila shilingi 100 za nyongeza, mwenye mkopo wa Bodi hubaki na 48, asiye nao hubaki na 63.

Sasa toa gharama mpya. Ofisi ya sasa inatoa chakula cha mchana, mpya haitoi: sahani ya 3,000 kwa siku 26 ni 78,000. Ofisi mpya iko mbali, inaongeza daladala mbili kwenda na mbili kurudi za 600 kila moja: 2,400 kwa siku, 62,400 kwa mwezi. Jumla 140,400. Ile laki 3 iliyokunyima usingizi imebaki 3,600.

Si lazima hesabu yako itoke hivyo, ila ipige mpaka mwisho kwa namba zako.

Mgawanyo wa msingi na posho nao ni wa kuangaliwa. Kama 1,800,000 hiyo ni milioni 1 ya msingi na laki 8 za posho, Bodi itakata 150,000 badala ya 270,000, na mkononi utaona 120,000 zaidi. Inapendeza, lakini deni linarefuka. Tena malipo ya saa za ziada, malipo ya likizo iliyobaki ukiondoka na kiinua mgongo cha kuachishwa kazi hupigwa kwenye msingi. Posho za fedha taslimu nazo hutozwa kodi, kwa hiyo mwajiri anayekuambia "posho haina makato" mwombe akuoneshe mfano wa hati ya mshahara.

Kwenye NSSF, jumla ya mchango ni asilimia 20. Wengi hugawana 10 kwa 10, lakini wapo waajiri wanaobeba zaidi ya nusu. Ukitoka kwa mwajiri wa 15 kwa 5 kwenda wa 10 kwa 10, umepoteza asilimia 5 ya mshahara bila mtu kukutajia. Namba yako ya uanachama ni ileile popote uendapo. Usikubali kufunguliwa nyingine, kwa sababu kuunganisha michango iliyotawanyika kwenye namba mbili kunachosha sana.

Miezi 6 ya kwanza

Hapa ndipo penye hasara isiyoandikwa kwenye barua ya ofa. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimhusu mfanyakazi aliye chini ya miezi 6 kwa mwajiri. Leo, kama una miaka 4 kazini, mwajiri wako lazima awe na sababu halali na afuate utaratibu. Kwa mshindani utaanza bila kinga hiyo. Kipindi cha matazamio (majaribio ya kazi) chenyewe kinaweza kufika miezi 12. Omba kipunguzwe hadi 3 na kitajwe hivyo kwenye mkataba. Mwajiri aliyekufuata mwenyewe, akijua kazi yako, hana sababu kubwa ya kukukatalia.

La pili: aliye chini ya miezi 6 hana haki ya kisheria ya likizo yenye malipo, iwe ya mwaka, ya ugonjwa au ya uzazi. Mjamzito anayehama leo na kujifungua baada ya miezi 4 anaweza kuacha nyuma siku 84 za malipo. Mwenye ugonjwa wa kumwona daktari mara kwa mara yuko kwenye hatari hiyohiyo. Kwa hawa wawili, ama mwajiri mpya aandike kwenye mkataba kwamba likizo hizo zitalipwa tangu siku ya kwanza, ama tarehe ya kuhama isogezwe. Bima ya afya iulizwe pia: inaanza lini, inabeba wategemezi wangapi, na uzazi au ugonjwa wa zamani vina muda wa kusubiri?

La tatu ni kiinua mgongo. Mwajiri akikuachisha bila kosa lako la nidhamu, hulipa angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 26. Mwenye msingi wa 1,500,000 na miaka 9 ana kama milioni 3.6. Ukiacha mwenyewe, sheria haimlazimishi mwajiri kukulipa hiyo. Kama ofisini kuna minong'ono ya kupunguza watu, pima sana kabla hujawa wa kwanza kutoka mlangoni.

Angalia na kalenda. Bonasi nyingi hulipwa kwa aliyepo kazini siku ya malipo, si kwa aliyefanya kazi mwaka mzima. Mkataba wa muda maalumu wenye kiinua mgongo cha mwisho unaweza kukunyima chote ukitoka mwezi mmoja kabla. Mara nyingine mshindani anakubali kusubiri wiki 5, muulize.

Mikopo na vifungo

Mkopo wa mshahara benki haufi ukihama, ila mshahara lazima uendelee kupitia benki hiyo au benki ikubaliane na mwajiri mpya. Nenda mapema, kabla ya notisi, kwa sababu baadhi ya mikataba inaruhusu benki kuchukua mafao yako ya mwisho yote. Mfanyakazi wa benki mwenye mkopo wa riba ya wafanyakazi yuko pabaya zaidi: akiacha kazi, riba hupanda kuwa ya wateja wa kawaida au anatakiwa kulipa deni lote. Tofauti ya rejesho iingize kwenye hesabu ya juu. SACCOS ya kazini nayo ina kanuni zake za kujitoa.

Soma tena mkataba wa mafunzo kama uligharamiwa kozi, na kifungu cha kutofanya kazi kwa mshindani kama kipo. Kikiwepo, mwonyeshe wakili kabla ya kusaini chochote. Ila wengi hawanaswi na kifungu hicho. Wananaswa na orodha ya wateja waliyojitumia kwenye barua pepe binafsi wiki ya mwisho. Hiyo ni mali ya mwajiri, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ni kesi nyingine kabisa.

Kumchunguza mshindani

Muulize anayekuajiri nafasi hii ni mpya au kuna aliyeondoka, na ni wangapi wameikalia miaka 3 iliyopita. Akisitasita, tafuta mmoja wao. Waliotoka watakuambia mshahara uliingia tarehe ngapi na kama michango ya NSSF ilipelekwa kwa wakati. Wasambazaji wa bidhaa wanajua zaidi: kampuni inayochelewesha malipo yao miezi mitatu haitakawia kuchelewesha yako. Kama cheo kinategemea mradi wa wafadhili, uliza fedha zinaisha mwezi gani.

Mwajiri wa sasa akipandisha dau

Usiitumie ofa kutishia kama hauko tayari kwenda. Akipandisha, taka barua yenye kiasi cha msingi na tarehe ya kuanza. Ahadi ya "bajeti ijayo" ihesabu sifuri. Halafu jiulize kilichokufanya usikilize ofa ni nini: kama ni meneja au saa za kazi, laki 2 haziligusi hilo.

Mpangilio wa kuondoka

Saini ofa, subiri majibu ya wadhamini na vipimo vya afya, pata mkataba wenye sahihi za pande zote mbili, ndipo uandike notisi. Anayelipwa kwa mwezi hutoa angalau siku 28, na mkataba unaweza kudai zaidi. Notisi iwe ya maandishi, yenye sababu na tarehe. Sheria hairuhusu notisi kwenda sambamba na likizo, kwa hiyo usipange "kumalizia" siku zako za likizo humo. Zilizobaki dai zilipwe kwa fedha. Ukiondoka bila notisi, jiandae kudaiwa mshahara wa kipindi hicho.

Kabidhi vifaa kwa orodha iliyosainiwa, chukua cheti cha utumishi, na baada ya mwezi mmoja fungua taarifa zako za NSSF uone kama mchango wa mwisho umeingia.