Ushirika wa maziwa: anzia kwenye mzani

Nafanya kazi ya kukagua hesabu za vyama vya ushirika vya maziwa. Nikitoka katikati ya Nairobi alfajiri, siku yangu huishia Dagoretti, Kikuyu au Limuru. Vyama vingi nilivyoona vikifa vilianza kuugua siku mkulima alipoacha kuamini kilo zilizoandikwa kwa jina lake. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye mzani.

Hatua ya 1: Usajili
Sheria ya Kenya inataka wanachama wasiopungua 10. Afisa wa ushirika wa kaunti atawaongoza kwenye fomu na sheria ndogo. Kabla ya hapo, piteni boma kwa boma mwandike nani anakama ng'ombe wangapi, na maziwa yake anamuuzia nani sasa hivi.

Hatua ya 2: Mzani
Uwe na muhuri wa afisa wa vipimo, na kioo chake kimtazame mkulima. Karani aweke ndoo tupu, arudishe mzani kwenye sifuri, ndipo maziwa yamiminwe. Asome kilo kwa sauti, aandike, ampe mkulima risiti. Mama aliyeleta kilo 6.4 asiandikiwe 6. Hizo gramu 400, akileta kila siku, ni kilo 12 kwa mwezi. Nawasihi, msizichukulie kuwa chenji.

Laktomita, kifaa kinachoonyesha kama maziwa yametiwa maji, itumike kwa kila ndoo. Maziwa yaliyotiwa maji yarudi nyumbani, hata yakiwa ya mwenyekiti.

Hatua ya 3: Kilo si lita
Chama kimoja kilimfukuza karani kwa wizi. Nilipofungua vitabu nikakuta wanapokea kwa kilo na kuuza kwa lita. Lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo 1.03 hivi, kwa hiyo kilo 1,000 ni kama lita 970. Zile lita 30 "zilizopotea" kila siku hazikuwahi kuwepo. Kijana wa watu alikuwa ameshaaibishwa kijiji kizima. Chagueni kipimo kimoja tangu kupokea hadi kuuza. Mnunuzi akikataa, andikeni hesabu ya kubadilisha wazi kitabuni.

Hatua ya 4: Malipo
Broka analipa papo hapo, na karo haisubiri. Wekeni tarehe mtakayoitimiza hata mnunuzi akichelewa, na mtenge akiba ya kuziba pengo hilo. Siku tatu kabla ya kutuma M-Pesa, mtumieni kila mkulima ujumbe wenye kilo zake, bei, na makato ya chakula cha ng'ombe, alalamike mapema.

Hatua ya 5: Mkutano mkuu
Hesabu zilizokaguliwa zisomwe kwa lugha ya wanachama, posho za kamati zikiwemo. Kisha bandikeni nakala ukutani karibu na mzani, mahali ambapo mtu aliyeshika ndoo anaweza kuisoma.