Tofi ya biskuti za chumvi kwa Krismasi

Wageni wa Krismasi hapa Kisumu huja bila taarifa, kwa hivyo mimi huweka mkebe wa tofi tayari. Panga biskuti za chumvi, zile nyembamba kavu, kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, zigusane. Yeyusha gramu 225 za siagi pamoja na gramu 200 za sukari ya kahawia. Mchanganyiko ukichemka kote, hesabu dakika 3 ukitazama saa, usikisie. Ukiepua mapema, tofi itanata menoni badala ya kuvunjika. Na iwe siagi halisi. Margarini laini ya kupaka mkate ina maji mengi, mafuta hujitenga.

Mwagia biskuti, weka kwenye oveni nyuzi 180 kwa dakika 8 hadi 10. Ikitoka ikitoa mapovu, tawanya vipande vya chokoleti, ngoja dakika 5, kisha sambaza kwa mgongo wa kijiko. Juu nyunyizia njugu karanga zilizokaangwa na kupondwa (lozi za nini, na bei ile?). Joto la huku halina huruma kwa chokoleti: igandishe kwenye friji kwa saa mbili, vunja kwa mkono, rudisha humo humo. Watoto wasikaribie sufuria. Sukari hiyo huunguza kuliko maji ya moto.