Fremu yako ikiingia kwenye eneo la mradi wa maduka: jinsi ya kuandaa fidia Dodoma

Wapimaji wakishapita na rangi nyekundu, mtaa mzima huanza kuzungumzia bei. Subiri kwanza. Muulize mtendaji wa mtaa, na utake jibu la maandishi: anayelitaka eneo ni nani? Serikali ikitwaa ardhi kwa mradi wa umma, fidia ina kanuni zake. Mwekezaji binafsi akija na dalali, hayo ni mauziano tu: unaweza kukataa, na utapata kile kilichoandikwa kwenye mkataba, basi. Anayemsikiliza dalali kana kwamba ni ofisa wa Jiji hukubali bei ambayo hakulazimika kuikubali.

Kisha karatasi. Mitaa ya zamani kama Majengo na Makole ina watu ambao nyaraka zao ni za CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyovunjwa mwaka 2017 na kazi zake kukabidhiwa halmashauri. Nenda idara ya ardhi ya Jiji uhakiki namba ya kiwanja na kitalu, jina, na kama kodi ya pango la ardhi imelipwa. Kama jina ni la marehemu baba, fungueni mirathi mahakamani sasa hivi. Muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake hautoshi kulipwa. Jina kwenye kitambulisho cha NIDA, kwenye fomu ya uthamini na kwenye akaunti ya benki liwe lilelile, herufi kwa herufi. Tofauti ndogo tu huchelewesha malipo.

Siku ya uthamini usikae ndani ukimwachia mpangaji kazi. Shika futi yako. Fremu ya mita 3 kwa 4 ni mita za mraba 12. Ikiandikwa 3 kwa 3, robo ya fremu imepotea na hakuna atakayekukumbusha. Zungukeni wote na mthamini: choo cha nje, kisima, tangi na kitako chake, ukuta, geti, sakafu ya baraza, mwembe, hata mzabibu ulioupanda uani. Soma fomu yote kabla ya kutia sahihi, kisha omba nakala au ipige picha. Ukishapewa taarifa ya kutwaliwa, usiongeze chumba wala fremu kwa matumaini ya kulipwa zaidi. Nyongeza hiyo hailipwi.

Thamani ya ardhi na majengo ni mwanzo tu. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinaongeza posho, na hapa ndipo wenye fremu hupunjika zaidi. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya jengo kwa mwezi mara 36: kodi ikiwa shilingi 250,000, ni 9,000,000. Hasara ya faida, yaani faida utakayoikosa kwa kuhamishwa, nayo ni faida halisi ya mwezi mara 36. Duka linalobakiza 400,000 baada ya gharama zote ni 14,400,000. Lakini faida lazima ithibitishwe. Leseni ya biashara, makadirio ya TRA, risiti za mashine ya EFD, daftari la mauzo na manunuzi, taarifa ya benki au ya simu: vianze kukusanywa leo. Aliyekuwa akitangaza mauzo madogo ili kodi ipungue atahesabiwa kwa mauzo hayohayo. Kuna pia posho ya usafiri wa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, na posho ya usumbufu inayofuata riba ya amana za benki. Kiwanja kisichokaliwa hakipati posho ya makazi wala ya usafiri.

Andika tarehe ambayo Mthamini Mkuu wa Serikali aliidhinisha taarifa ya uthamini. Miezi 6 ikipita bila malipo, dai riba. Miaka 2 ikipita, uthamini huo umekwisha muda, dai urudiwe. Barua yoyote unayopeleka, baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Mpangaji wa fremu asitegemee fidia ya mwenye nyumba. Aandike kwenye mkataba muda wa notisi, marejesho ya kodi iliyolipwa mbele, na nani anabeba gharama za rafu na mageti aliyofunga.

Ukiuza kwa mwekezaji binafsi, mwenzi wako wa ndoa aridhie kwa maandishi, mkataba useme nani analipa kodi ya mauzo, na hati halisi isitoke mkononi kabla fedha hazijaingia benki.