Waya au Wi-Fi: kupanga mtandao katika nyumba ya kupanga ughaibuni

Picha ya mama imeganda kwenye simu, sauti inakatakata, na lawama ya kwanza inaiangukia kampuni ya intaneti, ya pili mtandao wa kule nyumbani. Mara nyingi kosa halipo kwa yeyote kati ya hao wawili. Lipo kwenye mita chache za hewa kati ya ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, na kochi. Kwa hiyo kabla ya kulipia kifurushi kikubwa zaidi, pima.

Chomeka laptopu kwenye ruta kwa kebo, katika tundu lolote lililoandikwa LAN. Zima Wi-Fi ya laptopu. Wengi husahau hatua hii, wakapima hewa huku wakidhani wanapima waya. Pima kasi mara tatu, uandike majibu. Kisha chomoa kebo, washa Wi-Fi, pima ukiwa mita mbili kutoka kwenye ruta, halafu pima pale unapokaa kila siku. Tuseme kifurushi ni cha Mbps 200, yaani megabiti 200 kwa sekunde. Kebo ikitoa 195, kando ya ruta 170 na chumbani 22, kampuni imeshatimiza ahadi yake. Ukihamia kifurushi cha Mbps 500 utaendelea kupata 22 zilezile chumbani, ila kwa bei ya juu. Lakini kama hata kwa kebo unapata 60, hapo ndipo pa kuwapigia kampuni, tena ukiwa na namba za kuwasomea.

Hewa ni ya wote

Kwenye kebo kila kifaa kina njia yake, na data hupita kwenda na kurudi kwa wakati mmoja. Kwenye chaneli ya Wi-Fi, yaani kipande kimoja cha masafa ya mawimbi, huongea mmoja tu, wengine wanasubiri zamu, na foleni hiyo inawahusu pia majirani waliopo kwenye chaneli hiyohiyo. Kifaa kilicho mbali, chenye mawimbi dhaifu, hutuma polepole, hivyo hukalia zamu kwa muda mrefu na kuwachelewesha hata walio karibu. Ndiyo maana runinga ya mwisho wa nyumba ikicheza filamu kwa Wi-Fi, simu ya aliyeketi kando ya ruta nayo huanza kukwama.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: kisichohama kipe waya, ili kinachohama kibakiwe na hewa. Runinga, kompyuta ya mezani, mashine ya michezo, na laptopu unayofanyia kazi kutwa mezani palepale. Vifaa hivyo vitatu vinne vikitoka hewani, simu na tableti zinapumua bila ya ruta mpya. Printa na balbu za kisasa ziache zilivyo. Data zao ni kidogo mno. Laptopu nyembamba isiyo na tundu la mtandao hutumia adapta ya USB-C yenye tundu la RJ45, lile la kebo ya mtandao, na adapta hiyohiyo hukubali kwenye simu na tableti nyingi.

Kwa anayepiga simu za kuvuka bahari kuna jambo la ziada. Nuru ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 hula kama milisekunde 10 kwenda na kurudi, hata mitambo ikiwa haina dosari. Umbali huo hakuna kebo ya nyumbani itakayoufupisha. Kinachoua simu, hata hivyo, si ucheleweshaji wenyewe bali kuyumba kwake. Pakiti moja, yaani kifurushi kidogo cha data, ikipita hewani kwa milisekunde 3 na inayofuata kwa 80, programu huishia kuitupa ile iliyochelewa, na hapo ndipo neno linapomezwa. Waya ndani ya nyumba huongeza chini ya milisekunde 1, na huongeza kiasi kilekile kila mara. Video ya HD haihitaji hata Mbps 5, hivyo anayekimbilia kasi kubwa ili simu zisikatike anatibu ugonjwa ambao hana.

Kununua kebo bila kupigwa

Kebo za mtandao hupangwa kwa madaraja ya Cat. Cat 5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde (Mbps 1,000) hadi mita 100, na hiyo inatosha nyumba nyingi. Cat 6 inafikisha gigabiti 10 kwa umbali wa mita 55 hivi, Cat 6A kwa mita 100 kamili. Nunua Cat 6 uachane na maswali. Kebo zinazouzwa kwa jina la Cat 7 au Cat 8 hazitakuongezea chochote sebuleni. Cat 8 imekusudiwa kumbi za seva, kwa masafa mafupi ya mita 30 hivi.

Jambo la kukagua zaidi ya namba ya Cat ni chuma kilichomo ndani. Kebo zenye maandishi CCA ni alumini iliyopakwa shaba. Hukatika kirahisi zikikunjwa, upinzani wake wa umeme ni mkubwa, na hupata joto zikipitisha umeme wa kuendeshea kamera. Tafuta iliyoandikwa shaba tupu. Angalia pia unene wa nyuzi: namba ya AWG ikiwa kubwa, uzi ni mwembamba, kwa hiyo 24 ni nene kuliko 28. Kebo bapa zinazopita chini ya zulia huwa nyembamba sana, hata AWG 30. Kwa mita 10 hadi 15 zinafaa. Usizitegemee kwa 40.

Kebo ina nyuzi nane katika jozi nne. Mtandao wa Mbps 100 hutumia jozi mbili tu, gigabiti hutaka zote nne. Uzi mmoja wa zile jozi mbili za ziada ukikatika, mara nyingi mashine mbili zitakubaliana kimyakimya kushuka hadi 100, na kila kitu kitaonekana kinafanya kazi. Dalili yake ni namba moja: ukipima kasi na ikagota kwenye 94 au 95, kila mara, haipandi wala haiyumbi, badilisha kebo kabla ya kugusa kingine chochote. Isipokuwa kwa runinga. Runinga nyingi, hata mpya, zimewekewa tundu la Mbps 100, kwa hiyo Wi-Fi ikiwa nzuri itapima juu zaidi ya waya. Isikusumbue. Filamu ya 4K huridhika na 25, na waya haukati katikati.

Kufunga vichwa vya kebo mwenyewe kuna maana pale tu unapopitisha kebo kwenye tundu la ukuta: kichwa cha RJ45 kina upana wa karibu milimita 12, kebo tupu karibu 6. Mpangilio wa rangi uitwao T568B, kichwa kikiwa na ulimi wake chini na matundu ya nyuzi yakikutazama, ni huu kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifungue msokoto wa jozi zaidi ya milimita 13, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa libanwe nalo, la sivyo nyuzi zitachomoka siku ya kwanza utakayoivuta. Kuna anayejipangia rangi zake, zikafanana pande zote mbili, na kipimo kidogo cha kebo chenye taa kikawaka kijani kwa nyuzi zote nane. Mtandao bado utasumbua, kwa sababu jozi zimegawanywa na nyuzi zisizosokotwa pamoja zinaingiliana. Taa hupima kama uzi umefika, haziwezi kupima umefika na nani.

Nyumba si yako

Kabla ya kununua mita hata moja, zunguka nyumba ukitafuta matundu ya RJ45 ukutani. Nyumba nyingi mpya zinayo, na nyaya zake zote hukusanyikia kwenye kisanduku kabatini au mlangoni. Wapangaji huchomeka, huona pamekufa, wakakata tamaa. Hapajafa. Nyaya tu zinaning'inia kisandukuni bila kuunganishwa. Weka swichi ya gigabiti (kisanduku cha kugawa mtandao wa waya) yenye matundu matano, kebo moja itoke kwenye ruta, nne ziende vyumbani. Tahadhari moja: usiunganishe ruta na swichi kwa kebo mbili ukidhani utapata kasi mara mbili. Data zitazunguka bila kikomo na mtandao mzima utazimika ndani ya sekunde chache.

Kwenye hosteli au jengo lenye intaneti ya pamoja, waya unaotoka ukutani uingie kwenye tundu la WAN la ruta yako, lile la kupokelea intaneti kutoka nje. Ukiuchomeka kwenye LAN, ruta yako itaanza kugawa anwani za mtandao kwa majirani, wao watakosa intaneti, na msimamizi wa jengo akigundua atakukatia wewe.

Pasipo na matundu, kebo ipite juu kwa juu. Klipu za gundi kila sentimita 40 au 50 kando ya ubao wa chini ya ukuta, gundi ya aina inayobanduka. Ijaribu kwanza nyuma ya mlango kwa siku mbili uone kama inang'oa rangi. Kona usizikunje kwa pembe kali, ziache mviringo wa sentimita 2.5 au zaidi. Ukipita mlangoni, pita upande wa kitasa chini kabisa, siyo upande wa bawaba, ambako mlango utaitafuna kebo taratibu. Usiilaze sambamba na waya wa umeme kwa masafa marefu. Ikibidi kukutana, zikatize kama msalaba. Kutoboa ukuta ni mpaka mwenye nyumba aandike kwamba amekubali.

Kama kuna tundu la kebo ya televisheni katika vyumba vyote viwili, adapta mbili za MoCA 2.5, zinazopitisha mtandao kwenye kebo hiyo, zitakupa zaidi ya gigabiti moja bila kuvuta waya wowote. Zifungie kichujio chake pale kebo inapoingilia nyumbani, ili mawimbi yako yasimfikie jirani, na hakikisha vigawanyi vya kebo hiyo vinafika MHz 1,675. Waya wa dishi la setilaiti usiuchanganye na MoCA. Adapta za kupitisha mtandao kwenye nyaya za umeme ni chaguo la mwisho: zichomeke ukutani moja kwa moja, kamwe si kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme, na usiamini namba iliyopo kwenye boksi.

Hewa iliyobaki itunze

Ruta hufichwa kabatini au nyuma ya runinga kwa sababu haipendezi, na hapo ndipo nusu ya kasi inapopotelea. Iweke katikati ya nyumba, usawa wa kifua au juu zaidi, mbali na vioo vikubwa na tangi la samaki. Kama modemu, kifaa kinachopokea intaneti ya kampuni, imefungwa karibu na mlango wa nje, vuta kebo moja ndefu uipeleke ruta katikati. Kazi hiyo peke yake humaliza malalamiko ya nyumba nyingi. Ukiwa na programu inayoonyesha nguvu ya mawimbi, lenga −67 dBm au bora zaidi (karibu zaidi na sifuri) pale unapopigia simu za video. Ikifika −75, tegemea kukwama.

Wi-Fi hutumia bendi, yaani makundi ya masafa. Bendi ya GHz 2.4 inafika mbali lakini imejaa, na oveni ya maikrowevu hupiga kelele humohumo. Kwenye mipangilio ya ruta, iwekee upana wa chaneli wa MHz 20 na chaneli 1, 6 au 11. Kuchagua 3 kwa kuwa inaonekana tupu ni kosa, kwani utagombana na walio 1 na walio 6 kwa pamoja. GHz 5 iwe MHz 80, au 40 kwenye ghorofa lenye msongamano. Chaneli zake za 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada. Ruta ikisikia rada hulazimika kuhama, na kabla ya kutangaza kwenye chaneli nyingine ya aina hiyo husikiliza walau sekunde 60. Wi-Fi inayopotea dakika nzima kisha ikarudi yenyewe, ihamishie chaneli 36 hadi 48.

Kirudishio cha Wi-Fi cha bei nafuu hupokea na kutuma kwa redio ileile, hivyo kasi hukatika nusu. Vituo vya meshi, yaani vituo kadhaa vya Wi-Fi vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja, ni bora, na vinakuwa bora kabisa vikiunganishwa vyenyewe kwa vyenyewe kwa waya. Ukitumia ruta ya zamani kama kituo cha pili, iweke kwenye hali ya AP, yaani itoe Wi-Fi tu na kuiachia ruta kuu kazi nyingine. Vinginevyo utakuwa na mitandao miwili ndani ya nyumba moja, na simu haitaiona printa.

Ukihama nchi

Kifaa kilichonunuliwa Marekani mara nyingi hakitumii chaneli 12 na 13 za GHz 2.4, ambazo Ulaya zinaruhusiwa. Ruta ya Ulaya ikijichagulia 13, kila simu ndani itaiona isipokuwa ile uliyokuja nayo. Ilazimishe ruta ibaki kwenye 1, 6 au 11. Ukibeba ruta, soma adapta yake ya umeme: iliyoandikwa 100–240V inahitaji kubadilishwa plagi tu. Ya 120V peke yake itaungua kwenye 230V, ingawa ruta yenyewe inaweza kuendelea na adapta mpya yenye volti zilezile za kutoka, ampea sawa au zaidi, na pini ya ukubwa na mpangilio uleule wa chanya na hasi.