Kuchagua neno la Kiingereza la kumkaripia au kumkosoa mtu

Kijana mmoja wa hapa Dar es Salaam aliniletea rasimu ya barua yake ya malalamiko ili niisahihishe, na katika aya ya pili alikuwa ameandika kwamba meneja "scolded me" mbele ya wateja. Alikusudia kusema kwamba alikaripiwa, na kamusi haikumdanganya. Hata hivyo, msomaji wa Kiingereza akikutana na neno hilo humfikiria kwanza mtoto aliyevunja sahani na mzazi aliyemsimamia mikono kiunoni, kwa hiyo barua ya mtu mzima ikaonekana ya kitoto. Tulipoandika "reprimanded me", malalamiko yakapata uzito wake.

Basi kabla ya kufungua kamusi, jiulize ni nani anamsema nani, na wanasemana wapi. Kitenzi chetu "kumsema mtu" hakichagui: mama anakusema, mwenye nyumba anakusema, hata jirani wa rika lako anakusema. Kinachokikaribia zaidi ni "tell off", nacho ni cha mazungumzo, kisiingie katika barua rasmi. Kiwakilishi cha anayesemwa hukaa katikati ya maneno hayo mawili, yaani "she told me off", kamwe si "she told off me".

Ofisini tumia "reprimand", ambalo ni kitenzi na pia ni nomino ya karipio lenyewe. Usilichanganye na "warning", kwa maana karipio hutazama kosa lililokwisha kutendeka, ilhali onyo hutazama lile litakalofuata iwapo mtu hatajirekebisha. Kati ya hayo mawili limesimama "admonish", ambalo linakaribiana na kuasa: mkubwa anakosoa na kuonya kwa pamoja, bila kupandisha sauti.

"Rebuke" ni kukemea, kwa ukali na kwa maneno machache, mara nyingi hadharani. Wasomaji wa Injili wanalifahamu, kwani ndilo linalotumika katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 pale Yesu anapoukemea upepo ziwani. "Berate" ni kinyume chake kwa urefu, maana ni kumgombeza mtu kwa hasira mpaka waliopo wanaanza kuangalia saa. "Nag" si kali, ila haiishi: ni yule anayekukumbusha bomba linalovuja asubuhi, mchana na jioni. Tahadhari pia na "scold" likiwa nomino, kwa sababu humtaja mtu mgomvi wa maneno, na kwa desturi mwanamke. Sheria ya Uingereza iliwahi kuliona hilo kuwa kosa la jinai hadi lilipofutwa mwaka 1967, na mimi sioni sababu ya kulifufua.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni "reproach", lawama iliyochanganyika na huzuni. Rafiki ambaye hukumfikia msibani anaweza asiseme lolote, akakutazama tu, na Kiingereza kikaeleza yote kwa "she looked at me with reproach".

Kusuta ndiko kunakomshinda mfasiri. Wanawake wa mtaani wanapomwendea msengenyaji mlangoni kwake kwa ngoma na nyimbo, wakamtaka athibitishe aliyoyasema, "confront" hubeba ule ukabilianaji wa uso kwa uso na "expose" hubeba kuumbuka, lakini hakuna neno moja linalobeba vyote viwili. Eleza tukio lenyewe kwa sentensi nzima, na ngoma uitaje.

Makosa mengi zaidi, kwa uzoefu wangu, hayatokani na neno bali na kihusishi. Katika "kufokea" kiambishi cha kutendea kimo ndani ya kitenzi, wakati Kiingereza hukiacha nje, ndiyo maana watu huandika "he shouted me" badala ya "he shouted at me". Ukiandika "shouted to me", utakuwa umesema aliniita kwa sauti kutoka mbali, kama mtu anavyomwita mwenzake katika msongamano wa Kariakoo. "Reprimand", "rebuke" na "criticize" hufuatwa na "for" kabla ya kosa, "accuse" hufuatwa na "of", na "blame" lina njia mbili: "they blamed the driver for the delay" au "they blamed the delay on the driver".

La mwisho ni "abuse", ambalo wengi wetu hulitumia kwa maana ya kutukana. Maana hiyo ipo, lakini neno hilo hubeba pia kupigwa, kunyanyaswa na hata kudhalilishwa kijinsia, hivyo anayesoma barua inayosema "my supervisor abused me" anaweza kuanzisha uchunguzi wa jambo ambalo halikutokea. Ikiwa yalikuwa matusi tu, andika "insulted me", kisha yataje maneno yenyewe uliyoambiwa.